Dumu la Maji ya Shaba

Juzi, kwenye kaunta ya afisi moja ya baraza la mji, mama mmoja wa Kibokoni aliweka dumu la maji ya kijani. Hujitengenezea nyumbani vibao vya shaba vya nyaya za redio, na hiyo ndiyo dawa ya kuvichongea, iliyokwisha kula shaba.

"Niimwage wapi, mwanangu?"

Karani hakuinua macho. "Chooni tu, mama."

"Choo chetu kimepakana na kisima cha msikiti. Hii ni sumu."

"Msikiti upi?"

Mama akamwambia. Karani akaitazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

"Hapo ndipo ninapotawadha," akasema. "Basi rudi nalo, mama. Hatuna pa kulitia."

Mama akalikumbatia dumu, akaondoka kulirudisha chumbani mwake.

Wasomaji wangu, ghala letu la sumu ni uvungu wa kitanda cha mama yule. Mwombeeni umri mrefu.