Leva ya Mwakio

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa kumi ya mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja tone la pombe. Sikusimuliwa na mtu. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na mwalimu wa hesabu hana kazi ya kuzua mambo.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeoa, na nimepewa kazi ya kuzungukia shule ndogo ndogo za milimani, kutoka Bura hadi Mghange, kuangalia walimu wenzangu wanafundisha nini. Kwa miguu ilikuwa taabu. Basi mzungu mmoja wa shamba la mkonge kule Voi alipokuwa anarudi kwao, nikanunua pikipiki yake kuukuu. Wakati ule pikipiki ilimfanya mtu asalimiwe na watu asiowajua. Nikavimba kichwa.

Kuendesha sasa. Siku ya kwanza niliingia shamba la mihogo la jirani nikatokea upande wa pili na majani mdomoni. Siku ya pili nikavunja kioo cha taa. Siku ya nne mbuzi alikatiza, nikamkwepa, nikaligonga jiwe, na kikanyagio cha mguu kikapinda. Mbuzi hakuumia. Fundi wangu alikuwa Odero, Mjaluo aliyetengeneza mitambo ya mkonge. Kila akiniona natokea nikisukuma, aliweka kikombe chake cha chai chini na kuuliza, "Mwalimu, leo tumevunja nini?" Kioo alinitafutia, kikanyagio akakinyoosha kwa moto na nyundo. Lakini wiki ya tatu nikaangukia ubavu wa kushoto, nikavunja leva ya klachi, kile chuma cha mkono wa kushoto unachokibana kabla ya kubadili gia.

"Hii siungi," Odero akasema. "Itakatika ukiwa katikati ya mteremko. Tuagize Mombasa ije na treni. Wewe tembea kwanza."

Nani atembee? Mimi niliyeshazoea kupungiwa mikono? Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwakio.

Mwakio alikuwa mpeleka dawa wa dispensari, mtu wa upande wa Mghange, na pikipiki yake ilikuwa ya aina ile ile kama yangu. Mwaka mmoja nyuma alishuka na ukungu, kona ikamshinda, akatumbukia bondeni akafa. Waliomtoa walisema mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umebana leva, ikabidi vidole vibanduliwe kimoja kimoja. Mwili ulizikwa. Pikipiki iliachwa palepale kichakani, na hakuna aliyethubutu kuchukua hata msumari, kwa sababu mama yake alikuwa hajatasa.

Niwaeleze msiotujua. Sisi Wadawida, yaani Wataita, mtu akiwa na uchungu moyoni, mambo hayakai sawa mpaka autoe. Anajaza kinywa pombe ya miwa, au maji, anapuliza, huku anasema wazi kwamba hasira imetoka na amebariki. Huko ndiko kutasa. Na ni lazima itoke kweli. Ukipuliza na moyo bado umefunga, umemwaga maji bure. Mama Mwakio alikataa katakata kutasa tangu siku ya mazishi, kwa hiyo vitu vya mwanawe havikuguswa.

Nilijua yote hayo. Ningeweza kwenda kwake, niketi, nimwombe. Lakini mwalimu mzima wa misheni nionekane nimesimama napuliziwa pombe? Watu wangesema nini? Nikaona werevu ni kushuka bondeni Jumapili, wote wakiwa kanisani. Nilifungua skrubu mbili kwa spana, nikatia leva mfukoni. Ilikuwa baridi kupita kiasi, nikajiambia chuma ndivyo kilivyo. Mke wangu nilimdanganya kwamba nimepewa na rafiki. Odero naye nikamwambia hivyo hivyo, akaifunga, ikakaa vizuri kuliko ile ya kwanza.

Alhamisi yake nilikuwa natoka Mghange kushuka Bura. Ukungu ukaja mzito, nikawa naenda polepole hata mtu wa miguu angenipita. Kabla tu ya ile kona nikamwona mwanamume amesimama kando ya njia, kaptura ya kaki, shati jeupe, ameinamisha uso. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Aliinua wa kulia, nikasimama. Kwa nini nilisimama? Mpaka leo najiuliza.

"Nifikishe kwa mama," akasema.

Hakusema mama yupi, nami sikuuliza. Akapanda nyuma. Niaminini, springi za kile kiti hazikushuka hata kidogo. Nilikuwa nimewahi kubeba gunia la maharagwe pale nikazisikia zikilia, lakini kwa huyu zilinyamaza. Tukaondoka. Mgongo wangu ukaanza kuingia baridi, kuanzia pale alipoegemea.

Nikasema, ili nisikie sauti ya mtu tu, "Ndugu, wewe ni wa kwa nani?"

Mkono wake ukapita chini ya kwapa langu la kushoto, ukaja taratibu mpaka kwenye usukani, ukalala juu ya wangu. Vidole vyote vilikuwa vimepinda upande ambao vidole havipindi. Vikabana.

Anayejua pikipiki anajua maana yake. Klachi ikibanwa injini haishiki gurudumu tena, na kwenye mteremko kinachobaki kukuzuia ni breki. Breki zangu zilikuwa za kubembeleza. Injini inanguruma bure, pikipiki inazidi kasi, kona iko mbele humo ukunguni, na mkono wangu siwezi kuufungua. Niliogopa, jamani. Nikaita jina la mama yangu, nikaanza Baba Yetu nikaisahau katikati. Ndipo nikaisikia ile sauti sikioni, pole pole, bila ukali wowote: "Mwalimu, mimi pia nilibana."

Nikapinda usukani kuelekea ubavu wa mlima. Heri udongo kuliko bonde.

Nilipozinduka nilikuwa peke yangu. Pikipiki imelala, na leva imeng'oka, iko mkononi mwangu, vidole vimeifumbata. Nilivivuta kwa mkono wa kulia, nikavivuta kwa meno, havikufunguka. Ganzi ilikuwa imefika kwenye kiwiko na inapanda. Kwa Mama Mwakio hapakuwa mbali, ni nyumba ya kwanza ukimaliza kona. Nikakimbia huku nachechemea.

Nilimkuta ameketi mlangoni, amejitanda shuka. Kando yake kulikuwa na kigoda kitupu na bakuli la uji, bado unatoa mvuke. Hakushtuka kuniona. Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama njia nyuma yangu.

"Ameshuka wapi?" akauliza.

Nikapiga magoti, nikakiri kila kitu. Ganzi ilikuwa imefika begani. "Mama, tasa," nikamwambia. "Nakufa."

Aliweka mkono juu ya kile kigoda. "Unajua kwa nini sijatasa? Ukungu ukishuka, mwanangu huja akaketi hapa. Hali, hasemi, lakini anaketi. Uchungu wangu ndio unaomleta. Nikiutoa, hatakuja tena."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimwacha na mwanawe nikaenda kufa kiume. Sikufanya hivyo. Nilimwambia nina mke, na ana mimba. Nilisema na kurudia, nikilia, mpaka akainuka akaingia ndani akaleta kibuyu.

Alijaza kinywa akapuliza. Vidole havikufunguka. Akapuliza tena, hakuna kitu, na mimi kifua kinaanza kuwa kizito. Mara ya tatu alikigeukia kile kigoda, akamwita mwanawe kwa jina, akamuaga kama anavyoagwa mtu wa safari, akalia. Ndipo akapuliza. Leva ikaanguka chini.

"Nenda," akasema. "Sina kinyongo na wewe, nimekubariki. Lakini usipite hapa tena na hiyo pikipiki yako."

Vidole viwili vya mkono huu havijanyooka tangu siku ile. Mtakuja mvishike wenyewe. Pikipiki niliiuza kama vyuma vikuukuu, nikarudi kutembea. Mtoto wetu alizaliwa salama, na kila mwaka nilipomtazama akikua nilimkumbuka yule mama. Aliishi miaka mingi baadaye. Majirani zake wameniambia kwamba kila ukungu uliposhuka alitoa kigoda nje, akaweka uji, akangoja mpaka ukapoa, akarudisha ndani.

Basi nawaonya, hasa ninyi vijana wenye haraka. Kitu cha marehemu kikikufaa, nenda kwa aliyebaki, mwombe, na umngoje mpaka moyo wake uwe tayari, hata ikiwa ni miaka. Mimi sikungoja. Yule mama alimzika mwanawe mara mbili, na mara ya pili mimi ndiye niliyemshikisha jembe.