Pointi Tatu Nilizofuta kwenye Kurva

Mwenye makosa ni mi. Msitafute mwingine, si mashine, si shetani. Nimechoka kusikia watu kanisani wakisema "ilikuwa ajali". Ajali gani? Nilijua!

Mi ni enjenia wa elektroniki, ninakaa Kolwezi. Memwari yangu ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya kipima joto kisicho na waya wala betri. Ni kipande cha fuwele, kidogo kuliko ukucha. Juu yake kuna vidole vyembamba vya chuma, kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Ukikirushia mawimbi ya redio, vile vidole vinatikisa uso wa fuwele. Mtikisiko unatembea juu juu kama viwimbi vya maji, halafu unarudi. Muda wa kurudi unakuambia joto.

Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu ya vile vidole, modeli ya kusema mwangwi huu ni joto gani. Kuna njia fupi: unachukulia kwamba kila kidole kinatuma wimbi lake na kunyamaza. Kuna njia ndefu: unakubali kwamba kila kidole kinarudisha pia mawimbi ya wenzake, na miangwi inapandana. Nilichukua fupi. Hiyo si dhambi, wengi wanaanzia hapo.

Dhambi ni hii. Nilipopima maabarani, pointi zote zilikaa kwenye kurva yangu, ule mstari wa modeli, isipokuwa tatu za mwisho, zile za joto kali. Zilikimbia juu. Nilijua kabisa kwamba ni ile miangwi niliyoiacha! Lakini siku ya kutetea memwari ilikuwa karibu, na kuanza upya niliona ni kazi ya miezi. Nikazifuta. Nikaandika "makosa ya upimaji". Walimu wakanipigia makofi!

Kampuni moja ya machimbo ikanichukua, mi na modeli yangu. Tukaweka vipima joto kwenye pampu kubwa zinazotoa maji ndani ya shimo, karibu na beringi, pale mhimili unapozungukia.

Pale kazini kulikuwa na Mama Ngalula, fundi wa vipimo, mtu wa miaka mingi. Asubuhi moja alinikuta mbele ya ekra ya kompyuta, na shefu amesimama pembeni.

"Tata enjenia, ekra yako inasema sabini. Mi nimepima na ile kipimo ya mukono, inapita tisini. Beringi ya pampu ya pili inaungua."

"Mama, ulipima mubaya."

"Nimerudilia mara tatu! Kuya basi uone weye mwenyewe. Iko pale tu!"

Ningepoteza nini kwenda? Miguu ingevunjika? Lakini shefu alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Mama, hii ni matematiki. Haibishane na mukono wa mutu."

Mafundi waliokuwa pale wakacheka. Yeye hakucheka.

Na sikuishia hapo, mjinga mi! Niliandika barua kwa shefu kwamba anasumbua kazi. Wakamhamisha depo, kugawa glavu na viatu.

Siku nne baadaye, saa sita mchana, beringi ya ile pampu ilikwama, mhimili ukakatika, grisi ikawaka. Tata Kasongo, mekanisie wa kutengeneza pampu, alikuwa ameinama palepale anakaza bulonji, zile parafujo kubwa. Kabla ya kukaribia alikuwa ameangalia ekra, maana mi nilimfundisha: ikiwa kijani, karibia bila woga. Ilikuwa kijani!

Hakufa. Lakini mikono yote miwili iliungua. Leo hawezi kufunga kifungo cha shati, bibi yake wa ndoa ndiye anamlisha.

Shefu akaniita. "Nyamaza. Tutasema grisi ilikuwa mubaya."

Na mi nikanyamaza. Wiki nzima! Nilikwenda hospitali na machungwa kama mtu mwema. Bibi ya Kasongo akanishika mkono: "Aksanti, enjenia. Wenzako hawakuye, weye tu njo unakuyaka kumuona."

Nilitoka pale nikaenda kutafuta daftari langu la maabara.

Kesho yake niliandika yote, pamoja na zile pointi tatu, nikapeleka kwa wachunguzi wa ajali. Nilifukuzwa siku ileile. Mpaka leo hakuna kampuni inayonipokea, na chuo kimerudisha memwari yangu mezani kuichunguza upya. Ninastahili!

Mama Ngalula alirudishwa kwenye kazi yake. Nilimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Manika, kuomba musamaha. Hakunikaribisha kiti.

"Musamaha yangu itamupa Kasongo mikono? Enda ufanye ile hesabu yako yote, bila kuficha kitu."

Nimeifanya. Njia ndefu, kidole kwa kidole, na miangwi yote. Mnajua ilinichukua muda gani? Wiki tano. Wiki tano tu! Mikono ya baba wa watu nimeiuza kwa wiki tano za uvivu!

Nyinyi mnaoandika memwari sasa hivi, mnaofurahia kurva nzuri, sikieni. Namba ikikukatalia, usiifute. Inajua kitu usichokijua. Na mama wa kazini akikuambia "kuya uone", acha kiti chako, acha shefu akuangalie anavyotaka, simama uende!