Fishi Moja, Wasichana Wawili

Siku hizi, ukifika hospitalini hapa Lubumbashi, karani anakuuliza jina, mwaka wa kuzaliwa na mtaa, huku akibonyeza kompyuta. Walio nyuma yangu kwenye foleni hukunja uso, maana mimi najibu polepole, kisha naomba nisomewe kilichoandikwa. Waninunie tu. Niliwahi kukaa upande wa pili wa dirisha lile, na najua neno moja likiandikwa mahali pasipo pake linaweza kufanya nini.

Wakati wa Zaire nilikuwa karani wa fishi katika hospitali ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Fishi ilikuwa kadi ngumu, moja kwa kila mtu: mfanyakazi, mke wake, watoto wake. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, nasi tukaandika fishi zote upya, droo baada ya droo, mpaka vidole vikaota sugu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilijua ni mzuri. Nilijisifu kwamba hakuna kosa linalopita kwangu.

Kosa lilipita, tena lilitoka nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa alifanya kazi kwenye tanuru, kwa hiyo binti yake wa miaka sita alitibiwa bure. Dada yetu mdogo alilima mahindi Kasungami, pembezoni mwa mji. Mume wake hakuwa mtu wa kampuni, na binti yao, wa umri uleule, hakuwa na haki ya hata kidonge kimoja. Basi mpwa wetu akiugua, aliletwa na fishi ya binti wa kaka. Niligundua kwa kusoma tu: mwezi mmoja mtoto ana kilo ishirini, mwezi unaofuata kumi na tano, kisha ishirini tena.

Nilimwendea kaka, yaya wangu kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu, nikiwa nimefura.

"Yaya, hii fishi iko ya muntu moja."

"Mutoto ya dada si mutoto yangu?" alijibu, akiendelea kumega bukari yake, ugali wetu wa huku. "Ao unataka afwe kule Kasungami juu ya karatasi?"

Sikutaka afe. Nilirudi kazini, nikaiacha fishi kama ilivyo.

Msimu wa baridi mpwa wangu alidungwa sindano ya penisilini, akavimba uso na koo, akaanza kukoroma. Wauguzi walimwahi. Kisha mmoja wao akaniletea fishi niandike kwa wino mwekundu, juu kabisa: asipewe penisilini kamwe. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye jina la mtoto ambaye hakudungwa. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia nitatafuta njia ya kurekebisha, nikairudisha fishi kwenye droo.

Mvua zilipoanza, binti wa kaka aliletwa akiwa na homa ya mapafu. Daktari alisoma maneno mekundu, akaagiza dawa nyingine. Siku ya kwanza hakupata nafuu. Siku ya pili nilipita wodini nikaona mbavu zake zinavyobonyea kila anapovuta pumzi, na mama yake akimpepea kwa kitenge. Muuguzi alinieleza kwamba daktari anasikitika, kwa sababu dawa ambayo ingemfaa ndiyo hiyo iliyokatazwa kwenye fishi.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikinyamaza, huyu atakufa kwa mwandiko wangu. Nikisema, kaka anaweza kufukuzwa kazi, na yule wa Kasungami atafungiwa mlango. Nilienda mpaka kwa daktari, nikasema yote kwa pumzi moja. Hakunikaripia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaagiza sindano.

Baada ya siku tatu mtoto aliomba chai na mkate. Kaka alisimamishwa kazi wiki mbili, na kwa miezi mingi akawa ananisalimia kwa kichwa tu. Wauguzi na mabawabu walionyeshwa mpwa wangu, asipitishwe tena. Mimi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza nilijua tangu lini, nikasifiwa na mkuu wangu mbele ya makarani wote, kwa uangalifu wangu katika kutunza fishi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki ileile niliyosifiwa, dada alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, amemshika binti yake mkono. Nilikuwa nimekata kipande cha kadi, nikaandika jina la mtoto, tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, na yale maneno mekundu. Ilikuwa fishi yake ya kwanza, yake mwenyewe. Nilimwambia dada aionyeshe popote atakapompeleka mtoto kutibiwa.

Aliigeuza upande huu na upande ule. Hakujua kusoma.

"Inasema nini, yaya?"

"Inasema basimupige penisilini."

"Na inasema batamutunza wapi?"

"Haisemi."

Alinirudishia. "Basi uandike na ile."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiomba kweli, kwa sababu mimi, kaka yake, ndiye niliyekuwa mtu wa kuandika. Nilitoa kalamu. Mtoto akasogea karibu aone nitakachoandika, nami niliona haya hata nikashindwa kumtazama.