Moteri Kubwa, Kadri Ndogo

Shida ilinianza mwaka wa 2002, nikiwa na miaka arobaini. Moto wa mulima wa volkano ulishuka, ukapita mu nyumba na mu atelie yangu ya kuchongea mbao, na kesho yake nikawa mutu asiye hata na nyundo. Masomo niliachia primere, shule ya musingi. Lakini mikono ilibaki, na kwa mikono hiyo nilichonga chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, miaka mingi. Mutu akikuambia chukudu yangu ilimuvunjikia njiani, huyo ni muongo.

Baadaye nikanunua pikipiki ndogo, iliyokwisha kutumika. Bibi niliyeoa, ninayemuita mama, anapeleka chumvi Kibumba, anarudisha viazi na kabichi za kuuza hapa Keshero. Mimi ninamubeba. Lakini kila tukifika kwenye mupando wa Kanyaruchinya, moteri inakohoa, mama anashuka anatembea, mimi ninapanda na chumvi. Goti lake likaanza kuvimba. Siku moja akakaa kwenye jiwe kubwa kando ya barabara.

«Muzee, hii pikipiki yako inanibeba kwenye barabara ya sawa tu. Kwenye sawa hata mimi ninajibeba. Goti likikataa, biashara imekwisha.»

Nikaanza kutafuta moteri yenye nguvu.

Jirani yangu, papa mumoja wa upande wa Bukavu anayefanya kazi ya biro, ya ofisini, alikuwa na pikipiki kubwa iliyoanguka mu mufereji. Kadri yake, yaani mifupa yake, ilipindika. Moteri ilikuwa nzima.

«Chukua, muzee,» akaniambia. «Usipoichukua, kuku watatagia humo.»

Hakutaka kitu. Mpaka leo ninamushukuru, hata kama viatu vyake vinang’aa kupita kiasi.

Kazi niliifanyia mu lupango yangu, uani. Vishikio vya moteri nilivichonga kwanza kwa mukaratusi, nikavijaribisha kati ya moteri na kadri, nikapiga randa, nikajaribisha tena, mpaka moteri ikakaa kama jino. Halafu nikamupelekea fundi wa kuunga vyuma ile mbao, akaifuata kwa chuma. Nilitia na breki za ile kubwa, kwa sababu kurudi kutoka Kibumba ni kushuka tu. Nikaijaribu peke yangu. Ilikimbia.

Basi tukaenda, mama, chumvi na mimi. Chini ya mupando tukaingia mu shimo dogo, sheni, ule munyororo wa gurudumu, ikakatika. Mama akashuka bila kuambiwa.

«Sasa tuko na moteri kubwa ya kusukuma.»

Niliilaumu sheni, nikatia mupya. Kabla hatujatoka tena, jirani alikuja kunicheka, akajikalisha kwenye kiti cha pikipiki nikiwa nimelala chini nikifunga bulo na nati yake. Nikaona sheni inakazika mbele ya macho yangu.

«Papa, usishuke,» nikasema. «Mama, lete chumvi, na wewe ukalie.»

Jirani akashika gidon, ule usukani, mama nyuma, gunia kati yao. Sheni ikawa kama kamba ya mbuzi anayevuta.

«Watu wakipita watafikiri nini?» jirani akauliza.

«Watafikiri unanitorosha Bukavu,» mama akamujibu. «Kaa wima.»

Hapo nikaelewa. Chukudu ukiibebesha gunia, mbao haishuki. Pikipiki iko na resori, yaani springi: muzigo ukikaa, kadri inashuka, gurudumu la nyuma ni kama linapanda, na sheni inavutwa mpaka shimo dogo tu linaikata. Mimi nilipima pikipiki tupu, kama fundi wa chukudu. Nikachonga vishikio vingine, fundi akavifuata tena kwa chuma, nikairudisha moteri nyuma na chini kidogo, karibu na pale mikono ya gurudumu inapofungwa, na sheni nikaipima wale wawili wakiwa juu yake. Walikaa asubuhi nzima wakisemana. Hakuna aliyelalamika sana.

Safari iliyofuata, mupando ulikuja, nikaongeza moto, moteri haikukohoa. Tulipopita jiwe lake, mama akalipungia mukono.

«Ubaki salama,» akaliambia.

Alishukia Kibumba, sokoni.

Leo niko na nyumba ya mbao na mabati yake. Pikipiki moja. Randa mbili na nyundo. Chukudu moja ambayo siuzi. Vile vishikio vya mukaratusi, vya kwanza na vya pili, vimetundikwa ukutani. Kuku. Jirani yule. Na mama, ambaye bado anaenda Kibumba kuchagua viazi vyake mwenyewe.