Mpira wa Usukani Haupakwi Mafuta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika na mimi nilikuwa najiona dereva kuliko madereva wote wa boda pale steji yetu ya Nsambya. Umri miaka ishirini na mbili, kichwa kigumu. Baba alikuwa askari polisi, na alipofariki mama alitulea kwa kuuza simsim, yaani ufuta, sokoni Nakasero. Kila asubuhi nilimpeleka kwa pikipiki, kikapu mapajani mwake. Yeye ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza wa siku, na nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha mipira ya usukani, ile tunayoishika kwa mikono. Mpira mpya unabana, haukubali kuingia. Pale steji tulikuwa na dawa yetu: chovya kidole kwenye oili ya mnyororo, paka bomba la usukani, mpira unateleza wenyewe. Papa Bahati, fundi Mkongomani mwenye kibanda kule Nakivubo, alikuwa ametukataza mara nyingi. Tulimcheka kwa sababu kazi ya dakika mbili yeye aliifanya nusu siku. Mimi nilimaliza upesi, nikapiga na mluzi.

Basi asubuhi ile, tukiteremka kilima, niliuvuta usukani kukwepa shimo, mkono wa kushoto ukaja na mpira wake. Tukaishia mtaroni. Mimi nilichubuka goti tu. Mama aliteguka kifundo cha mkono, na simsim yote ikamwagika kwenye matope. Hakunigombeza. Aliutazama ule mpira mkononi mwangu, akasema, "Mimi sasa nitaenda na miguu. Miguu yangu haichomoki."

Na kweli alikwenda kwa miguu, siku baada ya siku, kikapu kichwani, mkono umefungwa kitambaa, akinipita pale steji mbele ya wenzangu. Aibu ile, mwanangu, usiombe ikupate. Sikutaka kitu kingine duniani ila mama apande tena.

Nikaenda kwa Papa Bahati, na ujinga wangu nikaenda nao: nikamlalamikia kwamba mipira niliyouziwa ni feki. Alitia kidole ndani ya mpira, akakinusa. "Mutoto," akaniuliza kwa upole, "hii mafuta iliingia peke yake?" Mficha uchi hazai, nikamweleza yote. Hakunicheka, ingawa haki ya kunicheka alikuwa nayo.

Akanipa tambara na petroli kidogo, akaniambia nisugue bomba la usukani mpaka kidole kigome kuteleza. Nilisugua, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Mara tatu. Mpira nao tukausafisha ndani, tukauacha ukauke. Ndipo akapaka gundi nyembamba, akausukuma kwa kuuzungusha, mara moja, bila kusita, maana gundi ikianza kushika haikungoji. Upande wa kulia, unakozungushia moto ili kuongeza kasi, aliupaka ule mwanzi wa plastiki unaozunguka tu, gundi isiguse bomba la ndani, na mpira akauachia nafasi kidogo usisuguane na swichi. Nilimtazama nikasahau kabisa kwamba nilikuwa na haraka. Sijapata kuona mikono inayoheshimu kitu kidogo namna ile.

Nilipotaka kuondoka alichukua ufunguo. "Pikipiki inalala hapa. Gundi haijui haraka yako."

Asubuhi yake aliuvuta kila mpira kwa uzito wake wote, mguu kaukanyagia gurudumu. Haukusogea. Akazungusha moto, akaachia, ukarudi wenyewe. Mimi nikadhani tumemaliza. Yeye akafuta mikono, akapanda nyuma. Mzee huyu alikuwa hapandi boda hata kwa mvua, aliziogopa, na Nakivubo nzima ilijua. "Twende kwa mama yako," akasema. "Siwezi ambia mama wa watu apande kitu mimi sijapanda."

Tulipanda kilima, akaniamuru niteremke palepale nilipoangukia na mama, kisha tupande tena. Alinishika shati kwa nguvu hadi kifungo kikaruka. Tulipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni na kikapu chake. Akamtazama yule mzee akishuka nyuma yangu. "Papa, wewe umepanda hii?"

"Nimepanda, mama. Niliogopa sana. Lakini haikutoka."

Mama alinipa kikapu nikishike, akapanda, akakichukua tena. Nililia njia nzima mpaka Nakasero, na sioni haya kukuambia.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi, shika haya. Kilichoingia kwa mafuta hutoka kwa mafuta. Safisha kwanza, paka gundi, uache ulale, na abiria wa jioni wangoje. Mwenda pole hajikwai. Ukikosea, mwambie fundi ukweli, hawezi kutibu asichokijua. Na kazi yako yoyote ambayo mwingine ataitegemea kwa uhai wake, ipande wewe kwanza, hata kama unaogopa. Hapo ndipo watu watakuamini, na hapo ndipo nilipojua fundi ni nani.

Mungu aitie baraka mikono yako, akupe subira ya kungoja gundi ikauke, na kila anayepanda nyuma yako ashuke kwa miguu yake mwenyewe.