Mtoto Niliyemficha Ndani ya Leso

Leso hufungwa juu ya matiti, si tumboni. Ukifunga tumboni mtoto atateremka, mgongo wako utauma, na yeye atajikunja huko chini kama unga uliobaki kwenye gunia. Nililea watoto saba kwa mgongo huu. Unainama, unamlaza, unamvuta mpaka kichwa kikaribie shingo yako. Miguu inapanuka kukumbatia kiuno chako, leso inamshika kutoka goti hadi goti. Uso unakaa wazi, umegeuka upande. Haya yote niliyajua. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Miaka ile ya tisini binti yangu wa tatu alirudi nyumbani na kikohozi, na mtoto wa miezi minne. Mumewe alikuwa ametangulia kaburini. Binti naye alipofariki tulimpeleka tukamzika kwa mumewe, kama desturi inavyotaka. Wakwe zake kaburi walilikubali, mtoto wakamkataa. Nikarudi naye mgongoni, mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa, mdomo umejaa vidonda vyeupe. Watu walisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja miiko. Wengine walijua jina lingine, lakini mbele yangu hawakulitaja.

Nilikuwa nauza mgongo wazi pale Mamboleo, ile mifupa ya mbuta, yule sangara wa ziwani, inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Tulikuwa tunaikaanga kando ya barabara. Nyumbani hapakuwa na wa kumshika mtoto, kwa hiyo nilikwenda naye. Na kwa sababu sikutaka wenzangu wamwone alivyokonda, nilimfunga chini, miguu yote ndani, kisha leso ya pili nikamfunika kichwa na kuchomeka pembe zake. Aliyeuliza nilimwambia namkinga na moshi.

Niliyemwogopa zaidi ni mama aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando yangu. Alikuwa na ulimi wa kuparua magamba. Kila asubuhi alitaka kumsalimia mtoto.

"Mama, huyo ni mtoto kweli, au umebeba viazi?"

"Amelala."

"Hata jana alilala. Hata juzi."

"Uza omena zako."

Wengine walicheka, mimi nikachochea moto.

Siku moja, jua la mchana likiwa kali, mtoto alilia kilio chembamba tangu asubuhi, kisha akanyamaza. Nilikuwa nageuza vipande kwenye karai na wateja wananingoja. Nilishukuru kwamba amenyamaza. Naandika kweli: nilishukuru.

Mama wa omena alikuja akasimama nyuma yangu. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama, mgongo wako unasikia akipumua?"

Nikatulia kusikiliza. Nilisikia jasho langu na joto la mafuta, basi. Kabla sijajibu alikuwa ameshaichomoa leso. Kidevu cha mtoto kilikuwa kimezama kifuani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alimlaza juu ya gunia la omena, akamwinua kidevu, akamsugua mgongo kwa nguvu. Wanawake wote walikuja. Waliona mbavu, waliona vidonda, waliona kila kitu nilichokuwa nikikificha wiki nzima. Sikuwa na haja na macho yao tena. Nilitaka kile kilio chembamba kirudi, hicho tu.

Kikarudi. Kwanza kikohozi, halafu kilio.

Hakuna aliyetaja chira. Mama wa omena alichukua leso yake mwenyewe akaniambia, "Inama." Mimi, mtu mwenye wajukuu, nikainama kama mwali. Alimweka juu, akamtoa miguu nje, akafunga fundo kifuani pangu, akapitisha vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto kuona kama kuna nafasi.

"Ukiwa kwenye mafuta, mtoto anakaa kwangu," alisema. "Na hiyo leso ya kichwani ipeleke nyumbani. Sisi tumeshamwona. Mwache na yeye atuone."

Tangu siku hiyo alikaa wazi. Aliangalia malori, aliangalia moshi, alishika sikio langu. Alifikia kusimama kwa kushikilia kigoda changu. Halafu mvua za pili zikaja, kifua kikambana, na akafa wodini nikiwa nimempakata. Alikufa kwa ugonjwa wake, si kwa leso yangu. Lakini siku ile ilibaki kidogo leso imuue, na hicho kidogo sijakimaliza mpaka leo.

Nikikutana na msichana njiani amefunika mtoto gubigubi, namsimamisha, hata kama simjui. Nafunua, napitisha vidole viwili chini ya kidevu. Wengi hukasirika, wananiuliza mimi ni nani. Nangoja nisikie pumzi, halafu nampisha aende.