Vistari Themanini na Vinne

Pale kwenye kiwanda cha chapa hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwenye kiwanda, mafundi wa mashine, hata wateja waliokuja kuagiza kadi za harusi, wote walimwita Bi Kistari, naye aliitika bila kununa, maana alijua jina hilo amelitafuta mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, zile karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu chenyewe hakijachapwa, na kuwinda makosa. Alikuwa ameifanya miaka arobaini na mmoja kwenye meza ileile chini ya dirisha. Juu ya meza kulikuwa na kalamu nyekundu, rula ya mbao iliyolika ukingo, na kipande cha kadibodi cha kufunikia mistari ya chini ili jicho lisitangulie mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Ukurasa aliokuwa na wasiwasi nao aliusoma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho hadi la kwanza, midomo ikicheza. Mashine kubwa ya chumba cha pili ilipoanza kunguruma, sakafu ilitetemeka na chai ikachafuka kikombeni. Yeye hana habari.

Vitabu vya Kiswahili alivisoma kwa raha zake. Vya Kiingereza alivisoma kwa ukali wa mtu aliyejifunza lugha ya watu kwa jasho na hataki kuchezewa. Aliyemfundisha kazi alikuwa bwana mmoja mzee, mpole, mwenye wino kwenye kucha, na ndiye aliyempandikizia mapenzi ya kile kimstari kifupi kinachounganisha maneno mawili ya Kiingereza. "Binti," alimwambia wiki ya kwanza, "maneno mawili yakifunga safari pamoja, yashikane mikono. Kistari ndio mkono wenyewe." Msichana akalishika neno hilo, na hata alipokuwa bibi mwenye mvi hakuliachia.

Kompyuta zilipoingia mjini na maneno yake mapya, Bi Kistari aliyapokea yote kwa utaratibu uleule. Barua pepe ikawa e-mail. Mambo ya mtandaoni yakawa on-line, tovuti ikawa web-site, na kuingia kwenye mfumo kukawa log-in. Dunia ikaendelea kubadilika, watu wakaanza kuyaandika maneno hayo bila kistari, yeye akaendelea kuvirudisha kimoja kimoja kama mama anayewarudisha wanawe ndani mvua ikianza. Mumewe, fundi wa simu aliyekwisha kustaafu, aliwahi kumtumia ujumbe wa Kiingereza wa kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Ujumbe ulimrudia umesahihishwa.

"Watu huoa wake," alikuwa akiwaambia wageni, huku akimtazama mkewe kwa jicho la mahaba. "Mimi nilioa mtihani."

Walikuwa na binti mmoja tu, na huyo alikuwa amerithi vyote: macho ya baba, ulimi wa mama, na ubishi wa pande zote mbili. Alifanya kazi kampuni ya maji, mitaa miwili kutoka kiwandani, katika ofisi inayoandika matangazo na barua za kampuni. Mwaka huo kampuni iliamua kwamba mikataba yote ya wafanyakazi itahamishiwa kwenye kompyuta. Binti akapewa kazi ya kuandika kijitabu cha Kiingereza cha kuwaelekeza wafanyakazi hatua kwa hatua. Akakiandika vizuri, akajisifu kidogo, akakipeleka kuchapwa kiwandani kwa mama yake.

Siku ya tatu akaja kuchukua prufu, akazikuta zimetapakaa wekundu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kazi yangu."

"Vistari themanini na vinne! Nimevihesabu. E-mail, e-mail, e-mail, kila ukurasa! Mama, watu wote wanaandika neno moja siku hizi. Ofisini wataniona nimetoka makumbusho."

"Watu wote wakiingia barabarani bila viatu, na wewe utavua?" Bi Kistari hakuinua kichwa. "Hiyo herufi e ni moja tu. Utaiacha ijibandike kwenye neno la watu kama kupe?"

"Mama, hili si jambo la kupe. Ni lugha inakua."

"Ikue kwa adabu."

Mpanga herufi, kijana mtaratibu aliyekaa mbele ya kompyuta pembeni mwao, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Binti akamgeukia. "Kaka, naomba uvitoe vistari vyote vya Mama. Vyote. Kijitabu ni cha kampuni yangu na mimi ndiye nitakayeweka saini."

Bi Kistari akaweka kalamu chini polepole. Alipokasirika kweli hakupiga kelele; sauti ilizidi kuwa nyororo. "Vitoe, mwanangu," alimwambia mpanga herufi. "Ila prufu ya mwisho usiniletee mimi. Mpelekee anayejua zaidi."

Basi vikatolewa. Prufu ya mwisho haikupita kwenye meza ya dirishani, kwa mara ya kwanza tangu meza hiyo iwekwe pale. Kijitabu kikachapwa, kikafungwa kwa mafungu, kikaenda. Mama na binti wakanuniana. Siku nane nzima hapakuwa na simu wala salamu, na baba mtu akawa tarishi. Huku anaambiwa "mwambie mwanao", kule anaambiwa "mwambie mkeo", mpaka akasema naye ana haki ya kununa, ila hajui amnunie nani.

Siku ya tisa, asubuhi, mtu alibisha kwenye fremu ya dirisha. Alikuwa mlinzi wa lango la kampuni ya maji, mwanamume wa miaka hamsini na nane, mwenye mwendo wa taratibu na salamu ndefu. Bi Kistari alimfahamu miaka mingi, kwa sababu kila alipompelekea binti yake kitu alichosahau nyumbani, mlinzi huyo ndiye aliyekipokea. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kaka, ingawa tumepishana miaka miwili tu. Habari za langoni?"

"Nzuri." Akaikunjua karatasi. "Nina barua ya Kiingereza nimeiandika. Nimesikia wewe hupitwi na kosa. Sitaki niondoke nikiwa nimechekwa."

Bi Kistari akaipokea, akavaa miwani, na kalamu nyekundu ikaanza kazi kabla kichwa hakijaanza. Hapa herufi kubwa. Hapa nukta. Neno hili lina s mbili. Alikuwa amefika mstari wa nne ndipo maana ilipompata, kama maji ya baridi yanavyompata mtu shingoni. Barua ilisema kwamba mwandishi, baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi, anaacha kazi kama alivyoagizwa.

"Umeagizwa na nani?"

"Na kampuni." Mlinzi alijaribu kutabasamu. "Si mimi peke yangu, ni sisi wote wa miaka hamsini na kuendelea. Sikulalamika. Ila mke wangu amelia siku mbili. Mimi nimeshafua sare, nimezipiga pasi, nitazirudisha zikiwa safi."

"Umeagizwa wapi? Nionyeshe."

Akatoa mfukoni kijitabu. Kilikuwa kile kile. Alikuwa amekikunja ukurasa wa kumi na moja, na chini ya mstari mmoja alikuwa amepiga mstari kwa penseli. Kwa Kiingereza kilichonyooka, kijitabu kiliwataka wafanyakazi wote wenye umri wa miaka hamsini na zaidi waingie kwenye mfumo kabla ya Ijumaa, kisha neno moja: resign. Acheni kazi.

Bi Kistari aliuona mstari ule kama alivyouona mara ya kwanza, na wekundu wake juu yake. Binti yake alikuwa amekusudia kusema watie saini upya, maana mikataba yao ilikuwa ya zamani. Kwa Kiingereza, kutia saini upya ni re-sign, na kistari hicho kikiondoka, neno linageuka kuwa kuacha kazi. Binti alikuwa amelipitia bila kuona. Mama aliona. Alikitia kistari pale, kwa mkono wake. Lakini alikitia vilevile alivyotia vingine vyote, bila duara, bila hata neno moja pembeni la kusema: hiki si sawa na vingine. Kimoja cha lazima alikuwa amekizika katikati ya themanini na vitatu vya ukaidi wake.

"Kaka," alisema. "Hakuna aliyekufukuza. Umefukuzwa na kistari."

Mlinzi akamtazama kama anayemtazama mgonjwa.

Hakumweleza zaidi. Alichukua kijitabu, akachukua na ile barua, akatoka bila mkoba na bila kumuaga mtu, mlinzi akimfuata nyuma. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kuonekana akienda haraka, siku hiyo alivuka mitaa miwili kwa mwendo wa kukimbiza basi, miwani ikimdundia kifuani.

Binti alikuwa mezani kwake. Alipomwona mama yake mlangoni alianza kuuvaa uso wa kununa, lakini mama hakumpa nafasi. Alikiweka kijitabu mbele yake, kidole juu ya neno.

"Soma. Soma kama mtu ambaye hakukiandika."

Binti akasoma. Akasoma tena. Mkono ukaenda mdomoni. "Yallah, Mama! Nimewafukuza watu!"

"Tumewafukuza. Wangapi wameshaleta barua?"

Swali hilo ndilo lililowapeleka mpaka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, bwana mnene mwenye tai iliyolegea, alikuwa na barua tatu juu ya meza, amezipanga sambamba na kuzitazama kwa masikitiko. Ya mtunza stoo, ya mama anayesoma mita za maji, na ya fundi mkuu wa mabomba, mtu pekee aliyejua kila valvu ya mji mzima ilipofukiwa.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi najiuliza nimewakosea nini wazee wangu. Nilidhani ni mgomo wa adabu."

"Kosa ni langu," alisema binti. "Niliamuru kistari kitolewe."

"Kosa ni la meza yangu," alisema mama. "Nilikataa kusoma prufu kwa sababu ya kiburi. Na kabla ya hapo nilimjazia mtoto karatasi wekundu mpaka asione palipo na moto wa kweli."

Mkurugenzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kistari ni kile kimstari kifupi tu. Wakamwambia ndiyo. Akavuta pumzi, akazichana zile barua tatu, na akamnyoshea mkono Bi Kistari ampe ya mlinzi aliyesimama mlangoni, akaichana pia. "Rudi langoni, mzee wangu. Na hawa wawili waketi hapa waandike masahihisho, tena hawatoki mpaka niyasome."

Wakaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta moja. Binti aliandika kwa kasi. Alipofika penye kusema tangazo hili litatumwa pia kwa barua pepe, vidole vilisimama hewani juu ya herufi e.

"Andika unavyotaka," alisema mama.

"Kweli?"

"Neno lile limeshajipatia makazi, mimi nimebaki mlangoni nagombana na mwenye nyumba. Juzi nilifungua kitabu cha zamani sana pale kiwandani. Neno la Kiingereza la kusema leo, waliliandika to-day, lina kistari katikati. Nimeandika today maisha yangu yote bila kuwakumbuka waliolipigania. Andika." Kisha akagusa kioo kwa ukucha. "Ila kwenye kutia saini upya, nipe changu."

Binti akakiandika, akakikoleza rangi. Halafu akaufuta mstari mzima, akaandika kwa maneno mengine kabisa: tieni saini mikataba yenu mara ya pili. Mama alisoma, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nane. Hata yeye hakuwa amefikiria kwamba neno la hatari laweza tu kuachwa.

Mchana ule binti alizunguka mwenyewe ofisi kwa ofisi, stoo, karakana na langoni, akiomba radhi. Mama anayesoma mita alimkumbatia. Fundi mkuu wa mabomba alisema alikuwa ameshaanza kufurahia, lakini basi. Mlinzi alipoingia kwenye mfumo kutia saini alikosea neno la siri mara tatu, mfumo ukamfungia, na binti akaketi naye hadi ukamkubali. Jioni mke wa mlinzi alipiga simu. Hakusema mengi; alisema tu kwamba sare zimerudi kwenye msumari wake.

Kijitabu kilichapwa upya, na safari hii mama na binti walikisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, kwenye meza ya dirishani. Tangu hapo kampuni ya maji haitoi karatasi ya Kiingereza kabla Bi Kistari hajaipitia. Vistari vyake vimepungua sana, na kila anachokitia sasa anakiandikia sababu pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Jumamosi binti huja na kompyuta yake, wakaketi jikoni, wakayapanga maneno mapya: hili moja, hili mawili, hili bado. Mengi huyamaliza kabla ya chai ya kwanza.

Wamekwama kwenye kitabu cha kusomwa kwenye simu. Binti anasema ebook, mama anasema e-book, maana jicho litaona nini hapo kama si neno lililoanguka na kugonga pua? Ni Jumamosi ya tatu hii. Baba amechukua kikombe chake na kwenda kunywea barazani, na kutoka huko anawasikia wakipandishiana sauti, mara wakicheka.